Siku ya Jua Nchini Shwari

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Sekela aligonga mabuti yake kwenye gogo. Aligonga la kushoto, akachungulia ndani. Akagonga la kulia, akachungulia tena. Maana msitu ule ulikuwa na ruba na nge, na wote walipenda mahali penye joto kama binadamu apendavyo. Wenzake aliokuja kutembea nao milimani walikuwa wameshatangulia njiani. Walimuuliza kama wamsubiri, naye akajibu, "Sawa, nitawafuata," kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema "sawa" kabla swali halijaisha.

Alikuwa ameinua buti la kulia pale kitu kilipompiga kisogoni. Akageuka akidhani ni tumbili. Kitu cha pili kikampiga begani, kikadondoka juu ya majani makavu, akakiokota: jiwe jeupe, dogo kama gololi, baridi mpaka likauma vidole. Kisha msitu mzima ukaanza kuvuma. Mvua ya mawe ilishuka kupitia majani ya mivule, katika mwezi ambao hata manyunyu huwa ni habari ya kusimuliana. Birika likapinduka na moto ukazimika. Sekela akavaa buti bila kuchungulia, akakimbia.

Namna alivyopotea haina haja ya kusimuliwa. Aliyewahi kupotea msituni anaijua, na asiyewahi hataiamini. Inatosha kusema kwamba njia yote ilikuwa nyeupe, ukungu ukashuka, na mawe yalipogeuka kuwa mvua ya kawaida, nzito, isiyokoma, alijikuta juu ya korongo asilolifahamu. Hapo aliona jambo moja ambalo hakulisahau. Mti mkubwa ulikuwa umeng'oka ukaanguka kukingama korongo. Matawi, majani na mawe ya barafu yalikuwa yamejikusanya nyuma yake kama ukuta, na nyuma ya ukuta huo maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakipanda. Upande wa chini mkondo ulikuwa karibu kukauka. Gogo lilikuwa likitoa sauti ya mlango wa zamani.

Akashuka akifuata ukingo wa mkondo ule, na huko chini ndiko alikoingia katika nchi ya Shwari.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mwanamke wa makamo, aliyesimama nje ya nyumba yake akijipepea kwa pepeo la ukindu. Alikuwa amelowa chapachapa. Kila alipojipepea, maji yaliruka kutoka kwenye pepeo yakampiga usoni, naye akayapangusa kwa adabu, kama mtu anayepangusa jasho.

"Pole na jua, mgeni wetu," akasema.

"Shikamoo, mama. Mvua hii imenika..."

Pepeo likamziba mdomo.

"Marahaba. Ni jasho la miti, mwanangu. Sema nami: jasho la miti."

"Jasho la miti," akasema Sekela.

"Ahaa! Una akili wewe. Wengine huwa tunahangaika nao mpaka mchana." Akamshika mkono. "Mimi ni Zaweji. Umekuja siku njema, binti yangu Mkunde anaolewa leo. Ingia ndani, jua lisikuchome."

Kwa Zaweji, Sekela alipewa kanga ya kubadili, mbichi kama nguo alizozivua, na akaelezwa sheria. Haikuwa sheria ngumu. Kila alfajiri afisa mmoja aitwaye Mtaja-Anga alipanda juu ya kichuguu katikati ya mji na kuitaja hali ya hewa ya siku hiyo. Akishataja, imetajwa, mpaka alfajiri nyingine. Siku ya jua watu walitembea na mapepeo, wakaanika mtama uani na kupeana pole za joto. Siku ya mvua walijifunika majani ya migomba kichwani na kuruka madimbwi, yawepo yasiwepo. Kwa kuwa bonde lile, tofauti na milima ya juu, lilikuwa na mvua karibu mwaka mzima, na kwa kuwa jua hupendeza zaidi kulisikia, siku nyingi zilitajwa kuwa za jua. Mtama ulioanikwa ulikuwa umechipua uani kwa Zaweji, na vichipukizi vyake vilichumwa na kupikwa kama mboga.

"Mboga ya jua," Zaweji akamwambia kwa fahari. "Huko kwenu mnayo?"

"Hatuna, mama."

"Poleni."

Kulikuwa na maneno mengine ambayo mgeni alipaswa kuyajua. Paa likivuja, lilisemwa kuwa linawanywesha ndege. Tope liliitwa ardhi laini. Mtu akikohoa, kifua chake kilikuwa kinacheka. Baridi haikuwa na jina lolote siku ya jua, kwa hiyo hakuna aliyeisikia.

"Baba yake Mkunde alikuwa mcheshi sana wa kifua," alisema Zaweji akimenya viazi. "Msimu uliopita alicheka usiku na mchana. Akacheka, akacheka, mwisho akatuacha." Kisu kilisimama kidogo juu ya kiazi, kisha kikaendelea.

Sekela alitaka kumwambia pole ya kweli, lakini hakujua kama neno hilo lilikuwa halali. Akachukua kisu kingine, akasaidia kumenya.

Ilikuwa wazi kwamba watu wale hawakuwa wagonjwa wa akili wala waongo wa kawaida. Walikuwa na sababu yao, nayo ilisimuliwa kwa kila mgeni. Zamani, mtu mmoja alisimama darajani siku ya mnada akapiga kelele kwamba tufani inakuja. Watu wakakimbia wote kwa pamoja, daraja likakatika, wengi wakafa. Tufani haikuja. Waliobaki wakakubaliana kwamba hali ya hewa haijawahi kuua kama kinywa kinavyoua, na wakakifunga kinywa. Aliyetaja anga bila idhini alifungiwa salamu: hakuna aliyemwamkia wala kumwitikia msimu mzima, na katika nchi ndogo kama ile, mtu asiyesalimiwa hukonda akiwa na chakula mbele yake. Neno la mgeni kuhusu anga halikuadhibiwa. Lilisemwa tu kwamba halina masikio, yaani hakuna wa kulisikia.

Asubuhi hiyohiyo Baraza la mji lilikuwa limekutana kwa dharura kuhusu vitu vyeupe vilivyoanguka. Jirani wa Zaweji aliyekuja kuazima chungu aliisimulia kwa makini hoja ya kila upande. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba vilikuwa kokwa za mivule, zimeanguka kabla ya kuiva. Kundi la pili lilishikilia kwamba ni mayai ya ndege wageni, na kwamba adabu inataka yarudishwe. Mjumbe mmoja aliomba kokwa moja ipasuliwe ili ithibitike. Ikaletwa juu ya sinia. Wakajadili nani mwenye haki ya kuipasua, na walipokubaliana, ushahidi ulikuwa umeyeyuka.

"Wakaamuaje?" akauliza Sekela.

"Wameunda kamati," akasema jirani. "Sinia limewekwa mahali salama."

Sekela akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu jirani alikuwa ameongeza jambo lingine akiwa anatoka: "Haya Mama Mkunde, tutaonana mtoni. Mchanga mwaka huu umetulia kweli, mto umetupisha wenyewe."

"Mtoni wapi, mama?"

"Harusi zetu hufanyika mtoni, siku za jua," akasema Zaweji. "Msitu wote huu, mahali pa wazi ni pale tu. Asubuhi mto ulipungua ghafla, ukaacha mchanga mtupu. Watu wote wanasema ni baraka ya binti yangu. Bibi harusi hukalishwa kigodani katikati ya mchanga, na haruhusiwi kuinuka mpaka mama yake amwinue."

Sekela akaweka kisu chini. Aliliona lile gogo tena, na maji nyuma yake.

"Mama, huko juu nimeona..." Akatafuta neno. "Miti inatoka jasho jingi mno."

"Inafanya kazi, mwanangu! Miti ya kwetu si mivivu."

"Jasho lenyewe limejikusanya. Kuna gogo limelizuia. Gogo likichoka..."

"Likichoka litapumzika," akasema Zaweji, lakini hakumtazama. "Ukiwa na wasiwasi, mwone Mtaja-Anga. Yeye ndiye mwenye masikio ya mambo hayo. Mimi nina pilau jikoni."

Mtaja-Anga aliitwa Bwana Kilindo. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na alivaa kofia pana akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, chini ya paa lililokuwa likiwanywesha ndege sehemu nyingi sana. Mabeseni yalipangwa sakafuni, naye alimwongoza Sekela katikati yake bila kuyatazama, kama mtu anayepita katikati ya wageni waliolala.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua. Karibu kiti. Hicho hapana, hicho ni laini. Kaa hiki."

Sekela alimweleza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara mbili Bwana Kilindo alilazimika kuinama ili amsikie. Alipomaliza, mzee huyo alivua kofia, akamwaga maji yaliyokuwa ukingoni mwake ndani ya beseni, akaivaa tena.

"Maji gani hayo?" akauliza. "Siku ya jua maji hutoka wapi?"

"Haya uliyoyamwaga sasa hivi, Mheshimiwa."

Bwana Kilindo akatabasamu kwa huzuni. "Una macho mazuri. Lakini sikiliza. Huyu akisema mvua, yule akasema manyunyu, mwingine akasema gharika, watu wamfuate nani? Wewe hukuliona lile daraja. Hata mimi sikuliona. Lakini bibi yangu alipokuwa anakufa, bado alikuwa anasikia mbao zikikatika. Mtu mmoja mwenye neno moja, hata likiwa si zuri, ni bora kuliko vinywa mia."

"Ni kweli," akasema Sekela, maana aliona kwamba palikuwa na ukweli ndani yake, na alikuwa na moyo usiojua kubishana na mtu mwenye huzuni. "Basi neno hilo moja lisemwe leo. Wewe ndiye mwenye idhini."

"Nimeshalisema alfajiri."

"Libadilishe."

"Nikilibadilisha la leo, wataniuliza la jana. Nikibadilisha la jana, wataniuliza la msimu uliopita. Wataniuliza waliozikwa wakicheka kwa vifua walikufa kwa nini hasa." Tone likamdondokea kwenye pua, akalipangusa. "Nami nitawajibu nini?"

Sekela alimkumbuka mume wa Zaweji, na kisu kilichosimama juu ya kiazi.

"Basi waambie tu wahamie ukingoni, Mheshimiwa. Si lazima useme kwa nini."

"Watauliza kwa nini. Watu wa Shwari si wajinga, mwanangu. Ni waungwana." Akainuka, akamsindikiza hadi mlangoni. Pale akasimama kwa muda akitazama juu, macho yakipepesa kila tone lilipoyagusa. "Jua kali," akasema taratibu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Sekela aliteremka mtoni akikimbia na kuteleza. Mchanga ulikuwa umejaa watu. Ngoma zilipigwa zikatoa sauti ya nguo mbichi. Wanaume walikuwa wamefungua vifua kupunga upepo, meno yakigongana. Sahani za pilau zilikuwa zinaelea kidogo kwenye madimbwi. Katikati, kwenye kigoda, aliketi Mkunde, msichana wa rika lake Sekela, hina ya mikono yake ikimwagika hadi viwikoni.

"Jamani!" Sekela akaita kutoka ukingoni. Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi. "Jamani, mto una... maji ya juu yana rangi ya chai!"

"Mgeni anataka chai!" akadakia mmoja wa wapiga ngoma. "Mpeni mgeni chai, enyi wachoyo!"

Watu wakacheka kwa upendo. Mwanamke mmoja kweli akaanza kupanda ukingo na kikombe.

"Sitaki chai! Gogo litavunjika! Mvua hii itawaua!"

Neno likaanguka katikati ya watu, na watu wakalikwepa kama wakwepavyo mtu aliyejikwaa, ili asione haya. Wakageuza nyuso. Aliyebeba kikombe akakinywa yeye. Mpiga ngoma akasema kwa upole, "Anaota ndoto za kwao, maskini," na ngoma ikaendelea.

Sekela angeweza kubaki pale juu. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa alikuwa amesema. Lakini kutoka juu ya korongo alisikia tena ule mlio wa mlango wa zamani, mrefu zaidi safari hii, na miguu yake ikafanya kitu ambacho kinywa chake hakingekiweza. Akashuka mchangani. Akapita katikati ya wachezaji akiomba radhi kila alipomgusa mtu, akafika kwenye kigoda, akaketi chini kwenye mchanga uliolowa, ubavuni mwa bibi harusi.

"Hapo si mahali pa mgeni," Zaweji akasema akija mbio. "Inuka, mwanangu."

"Mkikaa, nami nakaa," akasema Sekela. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nusu ilikuwa hofu, nusu hewa ya barafu iliyokuwa ikishuka na mkondo.

Mkunde akainama kumtazama. Kisha akanyoosha mkono wake wenye hina iliyoharibika, akaushika wa Sekela, akashangaa.

"Dada, mikono yako kama yangu," akanong'ona. "Kumbe nawe unasikia baridi?"

Hakukusudia. Lilimtoka tu, kama mtu anavyopiga chafya. Lakini Zaweji alikuwa karibu, akalisikia.

"Umesemaje, Mkunde?"

"Si kitu, mama."

"Nimekuuliza, umesemaje?"

Msichana akaanza kulia. "Nasikia baridi, mama. Tangu asubuhi. Na kifua changu..." Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, kilichomkunja juu ya kigoda.

Pepeo likamtoka Zaweji mkononi. Wote waliokuwa karibu walimwona akipiga magoti mbele ya binti yake, akimfuta uso kwa kiganja, akifuta tena, na uso ukilowa upya kila mara.

"Hukucheka wewe," akasema. "Wala baba yako hakucheka. Inanyesha, mwanangu. Inanyesha, nasi tumekaa mtoni. Inuka." Kisha akageuka, na sauti ambayo kwa miaka yote ilikuwa imesema pole na jua ikapanda juu ya ngoma. "Inanyesha! Amkeni! Tokeni mtoni!"

Yaliyofuata hayakuwa kama hadithi ya daraja. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Watu walisimama polepole, kama walioambiwa waachane na mzigo waliosahau kwamba wameubeba, wakashikana mikono, wakapandisha wazee kwanza na watoto, wakavuta ngoma, wakaziacha ngoma. Sekela na Zaweji walikuwa wa mwisho, Mkunde katikati yao. Buti la Sekela lilikuwa bado linatafuta mahali pa kukanyaga ukingoni pale korongo lilipounguruma, na maji ya rangi ya chai yakapita chini yao na miti mizima ndani yake. Kigoda hakikuonekana tena. Mchanga haukuonekana tena.

Walisimama ukingoni, wote, wakihema. Mvua iliendelea. Hakuna aliyejua la kusema, maana maneno waliyokuwa nayo yote yalikuwa ya siku ya jua.

Ndipo Bwana Kilindo alipotokea kwenye njia ya juu. Watu wakampisha. Sheria ilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuuliza.

"Nani ametaja anga?"

"Ni mimi," akasema Zaweji. Alikuwa amemkumbatia binti yake na hakumwachia.

"Nilianza mimi, Mheshimiwa," akasema Sekela.

"Neno la mgeni halina masikio," mtu mmoja akaanza kusema, kwa mazoea, kisha akanyamaza.

"Mimi nilisema baridi," akasema Mkunde.

Bwana Kilindo aliwatazama wale wanawake watatu, kisha akautazama mto. Gogo la mvule lilikuwa likipita, matawi juu, likigeuka taratibu. Watu walisubiri. Kama angemfungia Zaweji salamu, wangetii. Hilo Sekela aliliona nyusoni mwao: walikuwa wametoka majini wakiwa hai, na bado wangetii, kesho wangepita mbele ya mlango wake kimya, na mtama ungechipua uani.

"Watu wa Shwari," akasema Mtaja-Anga kwa sauti yake ya kichuguuni, "leo ni siku ya..."

Sauti ikakwama. Alijaribu tena, na midomo ikatengeneza umbo la neno la zamani, lakini pumzi haikulifuata. Maji yalimshuka kutoka kwenye kofia kama kutoka kwenye paa. Akaivua. Akabaki kichwa wazi mbele ya watu wote, mzee mdogo aliyelowa, na aliposema hakutumia tena ile sauti ya kichuguuni.

"Mvua," akasema. "Ilikuwa mvua tangu alfajiri. Niliiona, nikaogopa kuitaja."